Nani Huponywa na Barabara?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii. Zipo filamu huru, zisizo na kampuni kubwa nyuma yake, zinazowafuata wanamuziki marafiki wakiwa safarini. Wamefiwa, au wameugua, au wamesahauliwa. Wanapakia ala zao na kuondoka, na filamu inapokwisha tunawaona wakiwa wamepata nafuu. Je, nafuu hiyo ni ya kweli, au anayepona ni mtazamaji peke yake?

Nimeileta hoja hii Kamsamba, mkoani Songwe, kwa makusudi. Huku bondeni Rukwa, penye mpunga, ufuta na joto la kuchosha, hakuna anayeichukulia barabara kuwa pambo. Hali ya barabara ya Mlowo ndiyo inayoamua mkulima atapata kiasi gani kwa gunia lake. Kabla ya daraja la Momba kujengwa, mtu wa Kamsamba aliyetaka kwenda Kilyamatundu, upande wa mkoa wa Rukwa, ilimbidi wakati wa masika aupime mto kwa macho kabla hajaamua kama anavuka au anarudi nyumbani. Watu waliozoea kuishi hivyo wana neno la kusema kuhusu filamu zinazodai kwamba safari ni dawa.

Wasemaji ni wanne: Prodyuza wa studio ndogo, Mwalimu wa sekondari, Dereva wa lori la Tunduma, na Mama wa Kwaya. Sikuwapa majina kwa kuwa nimewatunga ili wabebe misimamo, na misimamo hiyo ndiyo ninayotaka ipambane. Mimi ni wa tano, maana ninao upande wangu na sitauficha.

PRODYUZA: Naomba nianze na jirani. Ukivuka mpaka pale Tunduma umeingia Nakonde, na Wanyamwanga wako huku na huko. Lakini waulize vijana wetu kama wanaijua Zamrock, watakuuliza ni bia ya aina gani. Miaka ya 1970 Zambia ilikuwa na bendi zilizopiga gitaa la umeme lenye mkwaruzo hadi leo watu wa Ulaya na Marekani wanazitafuta santuri zake kama madini. Iliyotamba kuliko zote iliitwa W.I.T.C.H., na mwimbaji wake ni Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Kisha bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukabana, amri za kutotoka usiku zikaua madansi, na baadaye Ukimwi ukaja kuwamaliza wenzake. Akabaki yeye. Akaenda kuchimba vito.

Huyo ndiye mtu ambaye Mwitaliano Gio Arlotta alimfuata na kamera. Mwaka 2017 Jagari akapanda jukwaani Ulaya na vijana ambao angeweza kuwazaa, akiwamo Mholanzi Jacco Gardner, pamoja na Patrick Mwondela, mpiga kinanda aliyewahi kuwa kwenye bendi hiyo ya zamani. Filamu ikatoka mwaka 2019. Mwaka 2023 bendi ikatoa albamu mpya, Zango, iliyorekodiwa Lusaka. Sasa niambieni: mtu alikuwa anachimba vito, leo ana bendi. Hiyo si nafuu?

MWALIMU: Ni nafuu, mdogo wangu, na ninamfurahia. Ila nataka uniambie kwa nini dawa ya Mzambia mpaka ikachukuliwe Ulaya. Wewe mwenyewe umetaja mtu aliyeshika kamera ni wa wapi. Chukua nyingine: Throw Down Your Heart, ya mwaka 2008, kamera ilishikwa na Mmarekani, Sascha Paladino. Benda Bilili!, ile ya wanamuziki wa Kinshasa wenye ulemavu wa polio, waliopiga picha ni Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye. Kila mara mgonjwa ni Mwafrika, na kila mara mwenye kamera ametoka kwingine. Mimi darasani nikiona jibu lilelile kwenye karatasi zote nachunguza swali.

DEREVA: Mwalimu ameanza na mwenye kamera, mimi niruhusuni nianze na barabara yenyewe. Mnaizungumza kama vile ni hospitali! Mimi hiyo TANZAM naijua kutoka foleni ya Tunduma mpaka Dar es Salaam. Machi 2011 basi dogo la Five Stars Modern Taarab lilikuwa linarudi kutoka maonyesho ya huku kwetu, wakati huo Songwe bado ni mkoa wa Mbeya. Pale Mikumi likagongana na lori. Watu 13 wakafa. Waimbaji na wapigaji, marafiki waliokuwa wamekula sahani moja jioni iliyopita. Na Mbaraka Mwinshehe, mnayempigia makofi kila redio ikicheza zilipendwa, alikufa Mombasa Januari 1979 baada ya ajali ya gari. Sasa filamu hizi zinaonyesha wanamuziki wameegemea kioo cha dirisha, jua linazama, wanacheka. Zinionyeshe saa nane usiku, dereva anapigana na usingizi kwa sababu promota amekataa kulipia gesti.

Hapa ninamkatiza Dereva, kwa kuwa amesema jambo ambalo waandishi wa filamu hizi hulikwepa. Mwanamuziki hasafiri ili apone. Anasafiri kwa sababu ndiko riziki iliko. Bendi za dansi za Tanzania zilizunguka mikoa kwa mabasi mabovu kwa miongo mingi, zikipiga kwenye kumbi za jamii na baa za stendi, na hakuna aliyeziita ziara hizo tiba. Filamu ikiuondoa uchovu, deni la gesti na hofu ya Mikumi, imeondoa pia kile kinachowafanya watu hao wawe marafiki. Urafiki wa wanamuziki haujengwi wakati jua linazama. Hujengwa wakati tairi limepasuka, mpiga besi anashika tochi na mwimbaji anashika jeki.

PRODYUZA: Sasa hapo unanisaidia mimi! Hiyo ndiyo filamu ninayoitaka.

MAMA WA KWAYA: Nami nina neno, wanangu. Mnasema wanamuziki kana kwamba ni wale wenye gitaa za umeme tu. Kwaya inasafiri kuliko bendi yoyote. Tunapanda Fuso kwenda semina, kwenda uzinduzi wa kanisa, kwenda kuimba kwenye msiba wa mwenzetu aliyeolewa mbali. Sufuria zimefungwa juu, watoto mgongoni, sare zimekunjwa kwenye mfuko zisipate vumbi. Na njiani tunaimba, hatuimbi kwa ajili ya mtu, tunaimba ili safari iishe. Amekuja kwetu mwanamke amefiwa na mume, mwaka mzima haongei. Hatukumhubiria. Tulimpa kazi ya kugawa chai safarini. Siku moja mwenzetu wa sauti ya pili akaugua, tukakosa mtu, yule mjane akasimama akaimba nafasi yake. Hakuna aliyepiga makofi, maana tungempigia angekaa chini. Sasa huyo angekuwa na kamera mbele ya uso wake siku ile, angesimama?

Swali lile liliwanyamazisha wote, nami pia. Hata hivyo nadhani kuna filamu moja inayoweza kulijibu kwa sehemu, nayo ni Throw Down Your Heart, ambayo Mwalimu amekwishaitaja kwa shaka.

Mwaka 2005 mpiga banjo wa Marekani, Béla Fleck, alianza safari Afrika na Sascha Paladino, ambaye ni ndugu yake kwa mzazi mmoja. Alitaka kuirudisha banjo kwenye asili yake, kwa kuwa ala hiyo ilitokana na ala za watu wa Afrika Magharibi waliopelekwa utumwani Marekani. Walipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Huku kwetu alikutana na Anania Ngoliga, mwanamuziki asiyeona, mpigaji wa ilimba na zeze. Sehemu yao ni fupi ukiilinganisha na urefu wa filamu nzima, na bado ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Anania hamsubiri mgeni amweleze kitu. Anapiga, anacheka, anambadilishia mwendo Mmarekani katikati ya wimbo, naye Mmarekani, bingwa anayejulikana dunia nzima, anahangaika kumfuata. Hapo hakuna mgonjwa. Kuna mafundi wawili, na mmoja wao yuko nyumbani.

Kilichofuata hakimo kwenye filamu, nami nakipa uzito zaidi. Mwaka 2009 Fleck alifanya ziara Marekani na wanamuziki wa Afrika: Toumani Diabaté wa Mali, Vusi Mahlasela wa Afrika Kusini, D'Gary wa Madagaska, na Anania Ngoliga. Anania hakwenda peke yake. Alikwenda na John Kitime, mpiga gitaa aliyepitia Tancut Almasi ya Iringa, Vijana Jazz na Kilimanjaro Band. Fikiria maana ya hilo kwa mtu asiyeona: mji mpya kila usiku, jukwaa jipya, ngazi mpya, na pembeni yake sauti ya Kiswahili ya mtu anayeujua wimbo wake unakogeukia. Kwangu mimi huo ndio urafiki wa barabarani ambao hoja hii inautafuta.

MWALIMU: Umechagua mfano mzuri kwa upande wako. Niruhusu nichague wangu. Staff Benda Bilili walikuwa wakifanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama ya Kinshasa, baiskeli za magurudumu matatu ndizo miguu yao. Wakamchukua mtoto wa mtaani, Roger Landu, aliyepiga uzi mmoja uliofungwa kwenye kopo, wakamlea. Filamu ilionyeshwa Cannes mwaka 2010, watu wakasimama. Walizunguka Ulaya. Mwaka 2013 kundi likavunjika. Waliishi pamoja kwenye shida zote zile, mafanikio yakawatenganisha. Kwa hiyo filamu iliponya nini?

MAMA WA KWAYA: Mwalimu, nisamehe, lakini ndoa ikivunjika baada ya miaka ishirini hatusemi kwamba watoto hawakuzaliwa.

MWALIMU: Sijasema hivyo, mama.

MAMA WA KWAYA: Umekaribia. Yule mtoto walimlea. Hilo halivunjwi na ugomvi wa fedha.

Nakubaliana na Mama, na naongeza kwamba wawili kati yao, Coco Ngambali na Theo Nsituvuidi, walianzisha Mbongwana Star na kutoa albamu mwaka 2015. Kundi lilikufa, muziki haukufa. Hata hivyo Mwalimu ana hoja asiyoijibu mtu: filamu huishia mahali penye makofi, na maisha ya watu waliomo huendelea kwa miaka mingi bila mtu wa kuyapiga picha. Anayesema filamu yake inahusu uponyaji anajitwisha wajibu wa kujua walivyo leo.

PRODYUZA: Mwalimu unasema kamera zote ni za wageni. Wahenga umeisahau? Ya mwaka 2018, Amil Shivji na Rebecca Corey. Wazee wa zilipendwa wa Dar es Salaam, na huyohuyo John Kitime yumo.

MWALIMU: Sikuisahau, nilikuwa nakusubiri uitaje. Ile naipenda. Wazee wale hawapelekwi kokote wakaponywe. Wanaachwa wagombane na vipaza sauti vibovu kwenye mji wao wenyewe, na kumbukumbu zao zinasikika kwa lugha yao. Mkurugenzi mmoja ni kijana wetu. Na kama tunazungumza filamu za uponyaji, tuitaje pia Maangamizi ya mwaka 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill: Amandina Lihamba anaigiza mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye amenyamaza miaka mingi. Haina bendi wala ziara, lakini inajua kwamba aliyenyamazishwa hafunguliwi mdomo kwa haraka. Tunao uwezo. Ndiyo maana nakasirika tukisubiri Mwitaliano aje atuambie kwamba Jagari ni mtu mkubwa.

DEREVA: Lakini Mwalimu, Mwitaliano alikwenda. Wewe ulikwenda? Mimi nimepita Nakonde mara ngapi, sijawahi kumwuliza mtu habari za bendi.

Mwalimu hakuwa na jibu la haraka, na mimi simlaumu. Ni aibu yetu sote, ya nchi hizi mbili zilizojengewa reli moja. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita Mlowo, Vwawa na Tunduma. Ilianza kazi katikati ya miaka ya 1970, wakati uleule Zamrock ilipokuwa juu. Treni ilibeba shaba na mbolea kila wiki. Nyimbo zilivuka vipi? Swali hilo ni filamu nzima inayongoja mtu, na kwa maoni yangu mtu huyo angefaa awe wa Songwe.

PRODYUZA: Na Malawi je? Upande wa Ileje ukivuka mto Songwe uko Malawi. Kule Watumbuka wana vimbuza, ngoma ya tiba hasa. UNESCO imeiandika kwenye orodha yake ya urithi tangu 2008. Mgonjwa anacheza, wanawake wanaimba wamemzunguka, inaweza kuchukua majuma. Hiyo ndiyo asili ya jambo hili lote, muziki kama dawa.

MAMA WA KWAYA: Mwanangu, ya mizimu mimi simo.

PRODYUZA: Sijasema uingie, mama. Nasema wale wanawake wanaoimba pembeni.

MAMA WA KWAYA: Wale nawaelewa. Mtu hawezi kuugua peke yake kama watu wamemzunguka wanaimba. Hilo hata sisi tunalifanya, tofauti ni nani tunayemwita.

Napenda kukaa kidogo kwenye jibu hilo. Wamisionari walijaribu kuipiga marufuku vimbuza, na waumini wengi hadi leo hawaikubali. Mama hakubadilisha imani yake mbele yetu, wala sikumtaka abadilike. Lakini alitambua mzunguko. Katika vimbuza, katika Fuso la kwaya, katika basi la W.I.T.C.H. huko Ulaya, kinachorudiwa ni kimoja: mtu aliyeumia anapewa nafasi katika wimbo ambao hauwezi kukamilika asipoijaza. Jagari hakuwarudisha marafiki zake waliokufa, na hakuna ziara ingeweza. Alilopata ni usiku baada ya usiku wa kuimba nyimbo zao na watu waliozijua sehemu za wale waliokufa, wakazipiga kwa heshima. Kufanyia kazi msiba kwa mikono, pamoja na wengine, kwa ratiba, ndiyo nafuu ninayoiamini. Kamera haikuileta. Kamera ilikuwa kisingizio cha kuwakutanisha, na kisingizio kizuri kina thamani yake.

DEREVA: Sawa. Sasa tushuke chini. Hizo filamu zenu nani kaziona hapa? Banda la video linaonyesha mpira na za ngumi.

PRODYUZA: Ziletwe, tutaziingizia sauti. Lufufu aliifanya kazi hiyo Dar es Salaam, anaongea juu ya filamu ya kigeni mpaka unasahau kwamba waigizaji hawajui Kiswahili. Filamu ya Jagari ikisimuliwa hivyo hapa, watu watajaa. Lakini mimi nataka zaidi ya hapo. Nataka tupige yetu. Kwaya inatoka Kamsamba, inavuka daraja la Momba, inapanda mpaka Sumbawanga. Simu mbili, kinasa sauti kimoja, basi.

MWALIMU: Na fedha ikipatikana?

PRODYUZA: Tutagawana.

MWALIMU: "Tutagawana" ndilo neno lililowafukarisha wanamuziki wa nchi hii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA, chombo cha hakimiliki, ipo. Wimbo wa kwaya una mtunzi, una mwalimu wa kwaya, una waimbaji. Andika kabla hujawasha simu. Vinginevyo wewe nawe ni mgeni mwenye kamera, hata kama umezaliwa Kamsamba.

Prodyuza aliinamisha kichwa akakubali. Ningependa asikubali haraka vile, maana jambo ni gumu kuliko karatasi. Yule mjane wa kwaya ya Mama anaweza kutia sahihi na bado asijue maana ya uso wake kubaki kwenye simu za watu asiowajua. Filamu huru haina mwanasheria wala ofisi ya kumlinda. Ina mtu mmoja tu mwenye uamuzi wa kuwasha au kuzima. Kwa hiyo tabia ya mtu huyo ndiyo sheria ya kwanza ya filamu. Paladino alikuwa anampiga picha ndugu yake, na nadhani ndiyo sababu anayehangaika na kupitwa katika sehemu ile ya Anania ni Mmarekani, wala hilo halikukatwa.

MWALIMU: Mimi bado nasema filamu haiponyi mtu. Inaweza kutunza kumbukumbu, na hilo linanitosha. Na ionyeshwe hapa kwanza, kabla ya tamasha la filamu la Zanzibar na kabla ya kwingine kokote.

DEREVA: Mimi sharti langu ni moja. Hakuna kusafiri usiku ili mpate picha ya taa za magari. Kama ni mimi naendesha, saa kumi na mbili jioni gari limezimwa.

PRODYUZA: Mama, wewe ndiye mwenye kwaya. Unasemaje?

MAMA WA KWAYA: Naona mnapanga kama harusi na bibi arusi hajaulizwa. Wanakwaya wataulizwa mmoja mmoja, na yule mjane ataulizwa wa mwisho, peke yake, na mimi sitamshawishi. Akisema hapana, siku nzima anayoimba simu inakaa mfukoni. Na wewe mwanangu, safari ya kwanza uje bila simu. Tumepungukiwa besi tangu vijana wawili wahamie Tunduma. Mazoezi ni Jumatano na Jumamosi, saa kumi jioni. Njoo uimbe.